Siku Saba Nje ya Kambi

Dodoma tuna Isanga mbili. Moja ni gereza kuu, ambako kwa miaka mingi wamefungwa watu waliohukumiwa kunyongwa. Nyingine ni taasisi iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, ile iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1927. Huko mahakama za nchi nzima huwaleta watuhumiwa wa mauaji wapimwe akili. Ukisikia ndugu yako kapelekwa Isanga, kwanza uliza ipi, ndipo ujue ulie kwa lipi. Mimi nilikuwa muuguzi katika hiyo ya pili mpaka nilipostaafu. Watu wa mji huu wana utani mwingi juu ya Milembe, ndivyo wanavyoitamka, na hadi leo sokoni Majengo naulizwa kama sikuwa naogopa kukaa na wauaji. Bodaboda wa Nkuhungu wananitisha zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utulivu. Mahakama huuliza swali dogo: wakati anatenda, mtu huyu alijua anachofanya, na alijua kwamba ni kosa? Daktari ndiye anayejibu, kwa maandishi. Sisi manesi tulimwandikia daktari mambo ya usiku: nani kalala, nani kakaa kitandani anautazama ukuta, nani kaamka anapiga kelele. Wengi walioletwa walikuwa wagonjwa kweli, na habari zao ni nyingine. Nawaza hapa juu ya wale wachache ambao baada ya muda ilionekana wazi kwamba akili zao ni nzima. Walikuwa wameua, walijua wameua, na wakili alikwishawaeleza kwamba huenda sheria ikawa upande wao, kwa kuwa walikuwa wanaokoa roho zao. Ajabu, hao ndio walikuwa hawalali. Mchana waliuliza kesi itatajwa lini. Saa tisa za usiku walikuwa wanauliza habari za Mungu.

Mmoja alikuwa mfugaji wa makamo. Kwao sitapataja, na mambo mawili matatu ya habari zake nimeyabadilisha. Wezi waliingia zizini usiku, akatoka na shoka, mmoja akamgeukia na panga. Akampiga. Ripoti ya daktari aliyeichunguza maiti ilionyesha majeraha manne. Yeye alikuwa anakumbuka moja tu. "Sista," aliniambia, "hayo matatu kapiga nani?" Hakuwa anatania, wala hakuwa anajitengenezea utetezi, wakili wake angependelea anyamaze kabisa. Alichokumbuka sawasawa ni kandambili za marehemu, alizoziona alipowasha tochi. Moja ya bluu, nyingine nyekundu, na ukanda wa ile nyekundu umeshikizwa kwa waya. Aliniambia habari ya waya huo mara nyingi. Mwizi alikuwa maskini kuliko yeye, na hilo lilimkaa rohoni kuliko lile panga lililokuwa linamjia kichwani.

Sheria yetu imelifikiria jambo lake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 pamoja na vile vya 18A hadi 18C vilivyoongezwa mwaka 1980, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kutetea mali. Inataka nguvu itakayotumika iwe ya kadiri, ile tu inayohitajika kwa utetezi huo. Akipitiliza mtu akafa, hatia yake ni kuua bila kukusudia, nayo iko mbali na mauaji ambayo adhabu yake ni kunyongwa. Ni sheria ya busara. Torati nayo ilikuwa na busara ya aina hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mwizi akikutwa anavunja usiku akapigwa akafa, hakuna hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ipo. Yaani gizani huwezi kujua aliyeingia amekuja kuchukua mbuzi au roho yako. Mchana unaona, na anayeona anadaiwa zaidi.

Shida ni kwamba kadiri hupimwa na watu waliokaa kitini, wamekunywa chai, wana karatasi mbele yao. Aliyekuwa zizini hakuwa na kitu cha kupimia. Hofu ya kifo ikimshika mtu, adrenalini humwagika mwilini, moyo huenda mbio, macho hubana yakaona kitu kimoja tu, masikio huziba, vidole vikashindwa kazi ndogo kama kufungua kifungo. Polisi wa Marekani waliohojiwa baada ya kufyatua risasi kazini wameeleza mambo hayohayo. Wako waliosema hawakusikia mlio wa bunduki zao wenyewe. Kumbukumbu hutoka vipande vipande: waya wa kandambili umo, mapigo matatu hayamo. Kwa hiyo mfugaji yule nilimwamini. Nilimweleza yote hayo kwa lugha nyepesi, akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Ndiyo, Sista. Lakini mkono si ulikuwa wangu?"

Mahakama ilimwachia. Baadaye nduguye mmoja alipita mjini akaniambia ameuza ng'ombe wote na hataki kulala ndani ya nyumba. Jamaa zake walikuwa wanamshangaa. Jaji kasema huna kosa, sasa unataka nini tena?

Swali hilo la jamaa zake ndilo limenifanya niandike. Ninaamini lina kosa ndani yake, na kosa hilo tunalo makanisani, misikitini na serikalini pia. Tumedhani kwamba tukishajibu kama mtu alikuwa na haki ya kuua, tumemaliza kazi. Aliyeua hajamaliza. Kuna mambo mawili tumeyachanganya: hatia, ambayo inaweza isiwepo kabisa, na mzigo, ambao upo hata hatia isipokuwepo. Hatia ni kazi ya mahakama na ya ungamo. Mzigo hatuna mahali pa kuupeleka, na kila tunapomwambia mtu "hukukosea" kabla hajafungua mdomo, tunamzuia asiutue.

Nilijifunza hilo kwa baba yangu mdogo, kabla hata ya Isanga. Alikuwa mgambo. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita, na jeshi likapanuliwa haraka kwa mgambo waliokusanywa kila mkoa, vijana wa Ugogo wakiwemo. Baba mdogo alijikuta kwenye Brigedi ya 201, iliyojaa watu kama yeye, ambao miezi michache nyuma walikuwa wanapalilia uwele. Machi 1979 walifika Lukaya, mahali ambapo barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inakatiza kwenye majimaji. Tarehe 10 Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwafyatulia maroketi. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini mshindo ulitosha, brigedi ikatawanyika. Kesho yake Watanzania walijipanga upya, Brigedi ya 208 ikazunguka ubavuni, na Lukaya ikarudi mikononi mwao.

Hayo yako vitabuni. Lake yeye halimo. Tulikuwa tunapogoa mizabibu shambani kwake Mpunguzi, miaka mingi baadaye, yeye mstari mmoja na mimi mstari wa pili, jua la saa nne limeshaanza kuuma. Alianza bila utangulizi. Alikuwa amelala usiku kucha kwenye mafunjo, maji kiunoni. Kulipopambazuka akamwona askari ameinama anakunywa maji kwa kiganja. Mganda au Mlibya hakujua, maana uso wote ulikuwa tope. Bunduki ya yule ilikuwa imeegemezwa pembeni. Yule akainua kichwa, wakaangaliana, akanyoosha mkono kuielekea bunduki. Baba mdogo akafyatua kwanza. Akaendelea kupogoa matawi mawili matatu, kisha akasema, "Mwanangu, nilifurahi. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo wasinisikie."

Kilichomsumbua miaka yote ile kilikuwa kicheko. Aliporudi 1979, viongozi wa Chama walimpongeza, mchungaji alishukuru madhabahuni kwa ushindi, na kwetu ilichinjwa mbuzi. Kila mtu alimwambia alifanya vema, naye aliamini kweli kwamba alifanya vema. Hakuona njia nyingine. Lakini mtu uliyepongezwa hivyo utamwambia nani kwamba ulicheka? Jumapili alikaa benchi la nyuma, na wakati wa Meza ya Bwana alikuwa anatoka nje taratibu kama anakwenda kujisaidia. Hakuna aliyemfukuza. Alijitenga mwenyewe.

Wataalamu wa vita wana maelezo ya kicheko hicho. Ni mwili unaoshangilia kwamba bado uko hai, na wengi hupitia hilo: kwanza furaha, halafu kichefuchefu, halafu aibu kwa ile furaha. Baada ya Vita Kuu ya Pili Mmarekani S. L. A. Marshall aliandika kwamba askari walio wengi hawakuwahi kufyatua bunduki zao vitani kwa kusita kuua. Takwimu zake zimetiliwa shaka sana na wanahistoria, nami sijengi nyumba juu yake. Najua tu nilichokiona: mtu aliyeua akiwa peke yake, ana kwa ana, kwa hofu, hasahau.

Walioua wakiwa kundi ni habari nyingine. Magazeti yetu yana msemo wa "wananchi wenye hasira kali". Mwizi wa kuku au wa simu anakimbizwa, anapigwa mawe, anavishwa tairi. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki hata mmoja wa wananchi hao aliyekuja kuniambia halali. Kila mtu alirusha jiwe moja, na jiwe lake halikuwa lile lililoua. Nawahukumu kwa ukali, nakiri, kuliko ninavyomhukumu mfugaji aliyepiga mara nne gizani. Mwizi aliyelala chini kafungwa mikono, mchana kweupe, jua limemchomozea.

Vita navyo vina upande huo. Januari 1979 jeshi letu liliiteka Mutukula, mpakani kabisa, na kwa uchungu wa yaliyotendwa Kagera askari waliubomoa mji ule kwa matingatinga na kuua raia waliokuwa hawajakimbia. Nyerere aliposikia alishtuka, akaamuru kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Amri ile naiheshimu kuliko hotuba zote za vita. Ilitambua kwamba ile furaha ya kuwa hai ikiachiwa njia inageuka kitu kingine, na kwamba vita vya haki havimlindi askari asipotee humo ndani.

Tena upo ushahidi kwamba uhalali peke yake hauufanyi mkono uwe mwepesi. Adhabu ya kifo ingali kwenye vitabu vyetu. Mwaka 1994, hapahapa Dodoma, Jaji Mwalusanya aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka uliofuata. Sheria ikabaki, lakini tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Rais John Magufuli, ambaye hakuwa mtu wa kusitasita, alisema hadharani mwaka 2017, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, kwamba asipelekewe majina ya kutiwa saini ya kunyongwa. Sheria inamruhusu rais kabisa. Kalamu ndiyo inayokataa.

Ukiteremka barabara ya Iringa, ukishavuka bwawa la Mtera, unaingia Isimani. Huko, siku ya Krismasi 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, walipogombana shambani kwake wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Hakuwa anajitetea kwa maana ya kisheria. Alihukumiwa kifo na akanyongwa. Vilabuni watu bado wanabishana kama alikuwa shujaa. Mimi huwa nafikiria jambo moja tu: aliupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha hadi kituo cha polisi Iringa, akajisalimisha. Angeweza kukimbilia porini. Mtu mwenye hasira iliyomtosha kuua alijua, saa hiyohiyo, kwamba maiti haiachwi shambani na kwamba lazima aende nayo mahali fulani, mbele ya mtu fulani. Alichowapelekea polisi hakikuwa mwili peke yake.

Watu wa kale waliandaa mahali pa kwenda. Katika Hesabu sura ya 31, askari wa Israeli wanarudi kutoka vita ambavyo Mungu mwenyewe amewaamuru, vita vikali hata sura yenyewe inanisumbua nikiisoma, na bado Musa anawaambia: kila aliyeua mtu au kugusa maiti akae nje ya kambi siku saba, ajitakase siku ya tatu na ya saba, ndipo aingie. Hawakuambiwa wamekosa, wala hawakuambiwa waingie tu wakale mbuzi. Daudi alipigana vita vya Bwana, lakini alipotaka kujenga hekalu alikataliwa kwa sababu alikuwa amemwaga damu nyingi. Askofu Basil wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliandika kwamba mababa hawakuhesabu kuua vitani kuwa ni mauaji, ila huenda ni vema watu hao wakae miaka mitatu bila kushiriki Meza, kwa kuwa mikono yao si safi. Baba mdogo hakuwahi kumsikia Basil. Alijitungia kanuni ileile, tofauti ni kwamba Basil aliiwekea mwisho na yeye hakuwa na wa kumwambia imetosha.

Mwenzangu wa zamu, Mwislamu mwenye elimu ya dini, alinionyesha katika sura ya An-Nisaa, aya ya 92, kwamba hata anayemuua muumini kwa bahati mbaya, bila kukusudia, amepewa la kufanya: kumwacha huru mtumwa na kulipa diya kwa jamaa za marehemu, na asiyeweza kumkomboa mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Hakukusudia, na bado hakuachwa mikono mitupu. Na kaskazini mwa Uganda, Waacholi walipowapokea vijana waliotekwa na kulazimishwa kuua katika jeshi la Joseph Kony, waliwakanyagisha yai bichi kabla ya kuingia nyumbani. Wengine hucheka habari ya yai. Mimi nimeona vidonge vya usingizi vikishindwa, na sicheki.

Ndugu zangu wa uamsho, ambao ni wengi katika dayosisi yetu, wataniambia damu ya Yesu inatosha, siku saba za nini? Naamini inatosha. Lakini nimeona jinsi tunavyomharakisha mtu: leo ameokoka, Jumapili ijayo asimame atoe ushuhuda kwamba ameoshwa na amesahau yote. Akisema bado anaota, tunamwombea kwa sauti kubwa zaidi. Neema haikimbizwi hivyo. Bwana aliyemsamehe Petro hakufanya hivyo kwa haraka; alimkalisha penye moto wa makaa, akamuuliza swali lilelile mara tatu, mpaka Petro akahuzunika.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji, mapadre, masheikh na wenyeviti wa vijiji. Akirudi mtu aliyeua kwa kujitetea na mahakama imemwachia, msimpokee kwa shangwe wala kwa minong'ono. Tafuteni mzee mmoja mwenye kifua, asiyepeleka maneno, akae naye kwa kipindi kinachojulikana mwanzo na mwisho wake. Asimuulize kama alikuwa na haki, hilo limekwisha. Amuulize anakumbuka nini, na akisema alicheka, au alipiga mara nyingi kuliko alivyohitaji, mzee asiruke kumtetea. Kipindi kikiisha, mbele ya watu, arudishwe mezani au kwenye safu yake, aambiwe kwa sauti kwamba amerudi. Jamaa za aliyekufa waendewe pia, hata kama marehemu alikuwa mwizi, maana nao wana maiti.

Na wazee waliopigana vita vya Kagera wasisubiri Siku ya Mashujaa, 25 Julai, kusikia neno. Baba mdogo tulimzika kabla sijayafikiri haya vizuri. Aliyekuwa na miaka 20 pale Lukaya sasa anakaribia 70. Kama mnaye kijijini kwenu, mwendeeni mwezi huu.